Mafuta Kwenye Shuka Jeupe

Kwenye kiwanda chetu kidogo cha kushona mashuka ya hospitali, cherehani yake ndiyo ile ya dirishani, iliyowekewa kipande cha ubao juu ya kanyagio kwa sababu miguu ya mwenyewe haifiki. Tunamwita Nukta. Jina hilo alipewa na msimamizi wetu siku aliyoanza kazi: alimwangalia kuanzia kichwani kwenda chini, akakuta amefika miguuni kabla hata hajashusha pumzi. Mwenyewe alicheka kabla yetu, na kuanzia hapo hata mwenye duka la nyuzi anamwita hivyo.

Ana miaka hamsini na kidogo. Ni mjane. Mumewe aliingia hospitali kwa miguu yake kupasuliwa ngiri, kitu ambacho watu hupasuliwa na baada ya muda wanarudi kubeba magunia, na hakuamka. Nukta alibaki na binti mmoja, ambaye sasa ni mtu mzima na amerudi nyumbani na mtoto wake baada ya ndoa yake kwenda mrama. Ana pia mdogo wake mmoja wa kiume, kinyozi. Basi, hao ndio watu wake. Mimi nakaa cherehani ya pili kutoka dirishani, na kama haya yatasikika kwa ukali mtanisamehe, sijui kubembeleza maneno.

Figo za kinyozi zilikufa zote mbili. Mara tatu kwa wiki anakaa kwenye kiti hospitalini, mrija umeingia mwilini, damu inatoka, inasafishwa kwenye mashine na kurudi. Akitoka pale amechoka hoi, lakini anakwenda kwenye kibanda chake kunyoa kichwa kimoja viwili, amekaa kwenye stuli, wateja wameinama kumfuata. Madaktari walisema dawa ya kweli ni figo ya ndugu. Ndugu wa damu ni mmoja tu. Nukta akapimwa damu, mkojo, moyo, mapafu, kila kitu kikakubali mpaka alipopanda mzani.

"Kwa kimo chako uzito huu ni mkubwa," daktari alimwambia. "Nikikupasua hivi naweza kumponya mdogo wako nikakuumiza wewe. Shusha kilo sita, kisha tupange tarehe."

Alirudi kazini anacheka. "Kilo sita ni nini? Si mfuko wa mchele tu? Nautua chini, naendelea na safari."

Mtu wa kumwongoza kuutua huo mfuko alikuwa mtaalamu wa lishe pale hospitalini, binti mrefu mwembamba, mwenye sauti ya chini. Nilimsindikiza Nukta siku hiyo, kwa hiyo hili nimelisikia kwa masikio yangu.

"Mama, kwa siku usizidi kalori elfu moja na mia tatu," yule binti alisema.

"Jirani yangu anakula elfu moja na mia nane, na amepungua mpaka sketi zinamvuka."

"Jirani yako ana urefu gani?"

Jirani huyo hubadilisha balbu bila kupanda kiti.

Yule binti alieleza taratibu, na nampa haki yake, alieleza tukaelewa. Mwili mdogo unatumia kidogo. Ukishavuka hamsini unatumia kidogo zaidi, na kazi yetu ni ya kukaa. Kwa hesabu yake, mwili wa Nukta ulikuwa unamaliza kama elfu moja na mia sita na hamsini kwa siku, basi. Akila elfu moja na mia tatu, kinachobaki katikati ndicho kinachomyeyusha, na ni kidogo sana.

"Mwanamke mrefu ana nafasi ya kukosea," alisema. "Akila andazi la ziada bado anapungua. Wewe nafasi yako ni finyu, mama. Mafuta ya kupikia, kijiko kimoja kikubwa kwa siku nzima kinatosha. Ukiongeza vitatu juu ya hicho, utakuwa umerudi pale pale, hupungui hata ukijinyima vingine vyote. Halafu usijipunguzie chini ya hapa nilipokwambia bila sisi kujua. Ukijishindisha na njaa utaanguka."

"Kwa hiyo Mungu alinipunja kimo, akanipunja na chakula," Nukta alisema. "Haya, angalau ana msimamo."

Yule binti alicheka mpaka akaziba mdomo.

Jioni hiyo Nukta alimweleza binti yake yote: kalori, kijiko, kilo sita. Anayepika pale nyumbani ni binti, kwa sababu Nukta anatoka asubuhi mapema na kurudi jua limechoka. Binti alisikiliza huku anamlisha mwanawe, akauliza jambo moja tu.

"Wakikupasua, watakulaza kabisa? Usingizi wa dawa?"

"Watanilaza."

Binti akafuta mdomo wa mtoto, akainuka kuosha vyombo. Nukta aliponisimulia alisema, "Amelipokea vizuri." Nilimwamini.

Kuanzia hapo Nukta akawa anakuja kazini na kibakuli chake cha plastiki chenye mfuniko wa bluu. Sisi mchana tunakula pamoja kwenye meza ya kukatia vitambaa, kila mtu anaweka alichonacho katikati, mikono inapishana. Yeye akajitenga pembeni ya meza na wali wake wa kiganja kimoja, maharage, mboga za majani na yai la kuchemsha. Maneno yakaanza. Wa cherehani ya kwanza kulia alisema ana maradhi anayoficha. Wa kukata vitambaa alisema hapana, amepata bwana, wanawake wa umri ule hawaachi wali hivi hivi. Nukta akamjibu, "Bwana mwenyewe ndiye aliyenikataza wali, hataki kupigana nami sahani moja." Tulicheka, lakini nilimwona anavyotazama mikono yetu inavyopishana katikati ya meza. Alikuwa na njaa, na alikuwa amekosa ile meza pia.

"Huyu mtoto kajifunza kupika," alikuwa ananiambia, anatafuna polepole ili chakula kisiishe. "Mboga ya kuchemsha tu, lakini inateleza kooni yenyewe."

Mwezi ulipoisha akapanda mzani. Haukusogea hata robo. Yule binti mrefu akamwangalia kwa huruma, ile huruma inayochoma kuliko tusi.

"Mama, hakuna kitu unakula halafu unasahau kukitaja? Chai ya maziwa? Karanga za barabarani?"

"Hakuna."

"Watu wengi husahau."

"Mimi sijasahau."

Nje ya mlango aliniambia, "Ananiona mwongo." Mwanamke huyu amezika mume, amelea mtoto peke yake, sijawahi kumwona analia mbele za watu. Siku hiyo alilia kituoni, uso ameugeuzia ukuta wenye matangazo.

Kinyozi alipopewa habari alifanya mzaha, ndiyo njia yake. "Dada, usijinyime sana. Nisije nikawekewa figo yenye njaa ikaanza kunidai chakula mimi." Lakini rangi yake ilikuwa imeanza kuwa ya majivu, na viatu alikuwa amevikanyaga visigino kwa sababu miguu imevimba.

Mwezi wa pili mzani ukapanda. Kidogo tu, lakini ukapanda. Daktari hakugomba. Alisema wakikutana tena na hali ikiwa hii, itabidi familia ifikirie mtu mwingine. Mtu mwingine yupi? Nukta alirudi kiwandani akakaa kwenye cherehani yake, akashona pindo zima bila kutia uzi, sindano inatoboa kitambaa kitupu.

"Mwili wangu umenikataa," aliniambia. "Nimeupa kila nilichoambiwa niupe. Mimi namng'ang'ania mtu asife, wenyewe unang'ang'ania mafuta."

"Pengine hesabu ya yule binti mrefu ina kasoro."

"Hesabu haina kasoro. Kasoro ni mimi."

Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Basi akaamua kuukomesha mwili wake. Uji wa asubuhi aliendelea kuunywa kwa sababu binti alisimama pale mpaka kikombe kiishe. Lakini kibakuli cha mchana hakukigusa tena. Alikiacha kwenye mfuko, mfuko ameutundika kwenye msumari kando ya cherehani, na jioni akitoka anampa mlinzi wa getini. Nyumbani alikuwa anasema ameshiba kazini. Haya yote aliyaficha, lakini mlinzi hakujua kuficha. Mtu tuliyemzoea na mashavu ya kuingia ndani akaanza kung'aa, mkanda ukasogezwa tundu. Wa kukata vitambaa akamuuliza kama ameoa.

Wakati huo huo mashuka ya Nukta yakaanza kuwa na madoa. Madoa ya njano, ya ukubwa wa sarafu, upande ule ule. Kwenye kazi yetu doa la mafuta ni aibu, shuka la hospitali linatakiwa litoke jeupe pe. Msimamizi alikuja juu. Akaitwa fundi wa mashine, akaifungua cherehani, akafuta kila kona, akapunguza mafuta ya mashine, akasema sasa imepona. Kesho yake madoa yakarudi. Fundi akafungua tena, akaapa kwamba mashine ile ni kavu kuliko koo lake. Msimamizi akasema likitokea doa jingine, Nukta anahamishiwa kukunja.

Siku ya doa hilo jingine, mimi nilikuwa nakata nyuzi za shuka lake, nikalileta puani. Sijui kwa nini hatukufanya hivyo mapema. Tulikuwa tumeshaambiana kwamba ni mashine, na watu wa cherehani tukiona mafuta kwenye kitambaa hatuwazi kitu kingine. Mafuta ya mashine hutoka na uchafu wa chuma, doa lake lina ukingo mweusi, na yananuka kama baiskeli. Hili lilinuka kitunguu.

Nikautazama ule msumari. Mfuko ulikuwa umelowa chini, na shuka linaloshonwa hupita hapo hapo likishuka sakafuni. Kumbe kibakuli kilikuwa kinakaa kimejaa siku nzima, kimelala ubavu, kinavuja. Nikakitoa, nikafungua. Nikachukua kitambaa cheupe cha mabaki, nikakigandamiza juu ya mboga za kuchemsha. Kikatoka kimelowa mafuta, kinang'aa. Nikakigandamiza kwenye wali, hivyo hivyo.

"Nukta," nilisema, "hii mboga imechemshwa kwenye nini?"

Nilipogeuka alikuwa amelala juu ya cherehani, kichwa kimeangukia mkononi, na sindano imepita kwenye kidole cha shahada ikatokea upande wa pili. Gurudumu lilikuwa bado linazunguka.

Hospitalini waliitoa sindano, wakakifunga kidole. Daktari alisema sukari yake ilikuwa imeshuka vibaya, akauliza amekula nini, na Nukta akajibu, uji. Hapo daktari aligomba kweli. Alisema mtu anayejitesa hivi hapasuliwi na daktari yeyote mwenye akili, na akirudia jambo hili watamwondoa kabisa kwenye habari ya kutoa figo. Nukta akaomba msamaha kwa sauti ya mtoto wa shule. Mimi nilikuwa nimekishika kile kitambaa changu ndani ya mfuko wa gauni, kimenilowesha mpaka ngozini.

Nilimpeleka nyumbani mwenyewe. Jua lilikuwa bado kali, binti alikuwa jikoni anakatakata nyanya, mtoto anacheza na sufuria sakafuni. Alipoona mkono wa mama yake umefungwa akaacha kisu.

"Mama, umefanya nini?"

Sikumpa nafasi Nukta ya kupamba. Nikakitandaza kitambaa juu ya meza, mbele ya nyanya.

"Mama yako ameanguka kwa njaa," nilisema. "Na hiki ndicho chakula cha kupungua unachompikia. Mimi ni kama mama yako mdogo, nimekubeba mgongoni, usinidanganye."

Nilitegemea akane. Angekana ningempasha mpaka majirani wasikie, maneno nilikuwa nimeshayapanga njiani. Hakukana. Alivuta kiti akakaa.

"Ni mimi," alisema. "Kijiko kwenye uji, kijiko kwenye chakula cha kazini, kijiko cha jioni. Kliniki ndiyo walinifundisha, mwanangu alipokuwa haongezeki. Walisema mafuta hayaonekani kwenye uji, mtoto hatayakataa."

Nilimtazama yule mtoto pale sakafuni, mashavu yake manene, anagonga sufuria.

Nukta alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mwimo. "Vijiko vitatu," alisema.

"Vitatu, mama."

"Vikubwa vile vya chakula?"

"Vikubwa."

Nukta akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akashuka na ule mwimo mpaka akakaa chini. "Kumbe si mimi," alisema. "Nimekaa miezi miwili nautukana mwili wangu. Nimeuambia maneno ambayo hata adui sijamwambia. Kumbe masikini ulikuwa unafanya kazi yake."

"Mama, nisamehe."

"Umenifanya mwongo mbele ya yule binti mrefu. Kila nikitoka pale nasema, labda kweli naiba chakula usingizini." Hapo kicheko kikaisha. "Unajua mjomba wako yuko katika hali gani?"

"Najua."

"Ndiye aliyekulipia shule kwa mkasi na wembe. Akifa?"

"Mjomba nampenda!" Binti alipiga kelele mpaka mtoto akaacha sufuria. "Nampenda, lakini baba alinipa saa yake nimshikie. Alisema, nishikie, natoka sasa hivi. Niliishika mpaka wakaja kuniambia nikaoshe uso. Mama yangu ni mmoja. Ukilala usingizi ule ukakataa kuamka, mimi na huyu mtoto tutakwenda kwa nani? Nilisema moyoni, mama asipopungua hawatampasua. Nilifikiri watapata mtu mwingine."

"Hakuna mtu mwingine."

"Sasa najua hakuna."

Nilitaka kutoka, mambo yale hayakunihusu, lakini ningelazimika kumruka Nukta mlangoni. Kwa hiyo nilimchukua mtoto nikampakata. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha watu watatu, na nikaona hakuna wa kumpa.

Mwishowe nikasema kinachofaa ni mimi nimpikie Nukta, au ajipikie mwenyewe. Nukta akatikisa kichwa.

"Atapika yeye."

"Baada ya haya?"

"Atapika yeye, kwa kijiko kimoja, na nitakula chote atakachoniwekea. Nikijipikia nitakuwa nimekwenda kupasuliwa kwa kumtoroka mwanangu. Sitaki." Akamgeukia binti. "Mimi naogopa pia. Ulidhani siogopi? Baba yako nilimvua viatu mimi siku alipokwenda kupasuliwa. Lakini mdogo wangu nimemfundisha kutembea, siwezi kukaa namtazama anazama. Kama hutaki, sema hapa hapa hutaki. Usiniambie kwa mafuta."

Binti hakusema anataka wala hataki. Alikaa na mikono yenye maji ya nyanya mapajani. Kesho yake Nukta alikuja na kibakuli. Nikagandamiza kitambaa juu ya mboga, nikakitazama dirishani. Kilikuwa na maji tu.

Tangu hapo mambo yakaenda kama yule mtaalamu alivyosema, pole pole mno. Mwanamke mrefu angekuwa ameshamaliza kilo zake akaenda zake. Nukta aliziangusha kwa vipande, mwezi kilo na kidogo, mwezi kilo kasoro. Alikula elfu moja na mia tatu zake zote, akamaliza sahani, na mlinzi wetu akarudi kwenye mashavu yake ya zamani akilalamika kwamba dunia imebadilika. Yule binti mrefu alipoambiwa habari za mafuta alisema, "Mama, niwie radhi kwa yale maswali." Nukta akamwambia, "Uliuliza vizuri, ulimuuliza mtu asiyejua." Kinyozi hakuambiwa. Nukta alituapisha wote wawili.

Kinyozi mwenyewe alikuwa anakwisha. Alifunga kibanda. Siku za mwisho mwisho alianza kukosa pumzi akipanda ngazi za hospitali, wakamlaza.

Siku ya mzani tulikwenda watatu, mimi, Nukta na binti yake. Nukta alivua viatu, akavua hereni, akavua hata kilemba. Sindano ya mzani ikatulia. Kilo sita zilikuwa zimekwenda, na nusu juu yake. Yule mtaalamu wa lishe akapiga makofi pale ofisini kama yuko harusini, na mimi nikapiga kigelegele, nikaambiwa hii ni hospitali.

Kisha daktari akaingia. Alimpongeza Nukta, akavuta kiti, na nilivyoona anavyokivuta, taratibu, nikajua kuna habari nyingine.

"Mdogo wako amepata maambukizi kwenye ule mrija," alisema. "Yameingia kwenye damu, na moyo umechoka. Hatuwezi kumpasua akiwa hivi, hatamaliza. Tunamtibu. Akipata nguvu, tutapasua."

"Lini?"

"Siwezi kukutajia siku. Wewe baki hapo hapo ulipofika, usipande." Akakunja miwani yake. "Bahati mbaya tu. Miezi miwili iliyopita alikuwa tayari kabisa."

Alisema vile kwa upole, hakujua anamwambia nani. Sikuthubutu kumtazama binti. Niliusikia mkoba wake unaanguka.

Tukaenda wodini. Kinyozi alikuwa amelazwa karibu na ukuta, amenyooka, kichwa chake mwenyewe kimeota nywele hovyo, jambo ambalo asingemruhusu mteja. Alimwona dada yake akatabasamu.

"Sasa umekuwa nukta kweli," alisema. Sauti ilitoka robo.

"Nimeshusha zote. Figo yako ipo hapa, inasubiri. Haina njaa, inakula vizuri."

"Nimesikia anayekupikia ni huyu." Akamtafuta mpwa wake kwa macho, akamnyooshea mkono usio na sindano. "Ahsante, mwanangu. Kupikia mtu chakula cha kupimapima miezi yote hiyo si kazi ndogo. Nikiinuka hapa, kwanza nakununulia sufuria mpya."

Binti aliushika ule mkono. Mdomo ulifunguka, akamtazama mama yake, na nilijua kabisa anataka kusema nini. Nukta akamtangulia.

"Amenipikia vizuri," alisema. "Sana."

Binti akainama akaubusu mkono wa mjomba wake, akatoka nje haraka. Alirudi macho mekundu, akasema korido ile ina vumbi.

Nyumbani, Nukta alikaa kwenye kiti cha jikoni, amevua viatu, miguu inaning'inia. Binti akawasha jiko, akaosha mboga, akakata kitunguu. Mimi nilikuwa na mtoto. Alipofika kwenye mafuta alisimama na chupa mkononi.

"Mama, sasa siku haijulikani. Nipike vipi?"

"Kama jana."

Akamimina kwenye kijiko. Mafuta yakamwagika mezani, kijiko kikabaki nusu. Akakitazama. Akainua chupa kutaka kujazia, akaishusha, akakipeleka kile kijiko nusu juu ya sufuria.

"Hakijajaa," Nukta alisema.

"Basi, mama. Kinatosha hivi hivi. Naogopa kukuzidishia."

"Najua unaogopa. Kijaze. Nikianguka tena kwa njaa sitafaa."

Binti akaweka kijiko usawa wa macho yake, akamimina tone, akatazama, akamimina tone jingine, mpaka kikajaa.